Sanamu ndogo za kauri za nyota: Lladró, Meissen au Dehua?

Mwana_wa_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Mama anasherehekea kuzaliwa Januari 30 nami nataka nimpe sanamu ya kauri ya nyota yake, aipange kabatini pamoja na vikombe vyake vya harusi. Alizaliwa 1964, mwaka wa Joka kwa hesabu ya Wachina. Nimebaki na mbili: joka la Lladró kutoka Hispania, limetumika ila lina boksi lake, na joka jeupe la Dehua kutoka China, jipya, kwa robo ya bei hiyo. Moyo wangu uko kwa Lladró. Mnanishaurije?

BintiKisauni
Kaka, usilipe kwanza! Mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Ule wa Joka ulianza Februari 13, 1964. Mama aliyezaliwa Januari 30 bado yumo katika mwaka wa Sungura. Ukifuata nyota za falaki, yeye ni Ndoo, wale wazee wetu wanaowaita watu wa Dalu. Kosa hili nimeliona mara nyingi kwa waliozaliwa Januari na mwanzoni mwa Februari.

Mwana_wa_Pangani
Dada, umeniokoa. Basi natafuta sungura.

Fundi_Gundi
Mimi natengeneza kauri zilizovunjika, hivyo nitasema ninachokiona mezani. Lladró, kiwanda cha ndugu watatu kilichoanzia Almàssera karibu na Valencia mwaka 1953, sifa yake ni rangi tulivu: kijivu, buluu ya mbali, maziwa. Kwa sura ya mnyama mpole kama sungura, hapo wananipendeza kuliko wote. Ila vidole, maua na masikio ndivyo vinavyoletwa kwangu kila siku. Sanamu iliyotumika iombee picha ya chini, uone ua la buluu ambalo ndilo alama yao, kisha muuzaji aimulike kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani. Palipozibwa na kupakwa rangi upya mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Sikio lililogandishwa vizuri macho hayalioni, lakini bei inapaswa kushuka sana.

Usiisahau Meissen ya Ujerumani. Ndicho kiwanda cha kwanza cha kauri ngumu Ulaya, tangu 1710, na wanyama wao wana uhai wa ajabu. Sungura wao hata kama hakufinyangwa kwa ajili ya nyota, sungura ni sungura. Tazama panga mbili za buluu zilizopishana chini ya king'arizi, yaani ule utando unaong'aa juu ya kauri. Zikiwa zimekwaruzwa mstari juu yake, kiwanda chenyewe kiliihesabu kuwa daraja la pili. Alama hiyo imeigwa mno, kwa hiyo usinunue kwa picha moja.

Mzee_wa_Kaole
Mwanangu, naitetea Dehua. Huko jimbo la Fujian wamefinyanga kauri nyeupe kwa karne nyingi, na weupe wake ukishikwa kwenye mwanga ni kama maziwa ya nazi. Haina rangi ya kuficha kasoro, kazi yote iko kwenye mkono wa mfinyanzi. Na sisi wa pwani tumeishi na vyombo vya China tangu zamani, hadi vikapachikwa kwenye nguzo za makaburi. Nenda Kunduchi ukaone. Hata jina tumelitoa kwa simbi wa baharini, kauri, kama Waitalia walivyofanya na porcellana yao. Sungura wa Dehua atakaa na vikombe vya mama bila kugombana navyo.

Ila ya bei rahisi mno huwa ya kumiminwa kwenye kalibu bila kupitiwa na mkono. Angalia macho na makucha: yakiwa butu, iache.

BintiKisauni
Naungana na mzee. Lladró ni kwa anayekusanya na huenda akauza kesho. Mama hatauza.

Mwana_wa_Pangani
Nimekaa na maneno yenu usiku kucha. Nachukua sungura wa Dehua, wa mfinyanzi na si wa kalibu. Nimeshamwomba muuzaji picha za macho na makucha. Fundi, masikio niyafungeje kwenye basi?

Fundi_Gundi
Yazungushie karatasi laini kwanza, yasiguse plastiki wala sanduku. Kisha sanduku ndani ya sanduku, na ulipakate mwenyewe, usiliweke kwenye buti.