Mrejesho: kihisi cha shinikizo kimetoka

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kwa nini roboti yetu ya chini ya maji inashindwa kuchomoa kihisi cha shinikizo kwenye bomba la mazoezi hapa bandari ya Kilindini, Mombasa. Aliyeniambia niangalie bamvua, yaani siku za maji makubwa mkondo unapokuwa mkali, alipatia. Tulikuwa tunaishusha maji yakikimbia, mkono unayumba, tope limeziba kamera. Safari hii tukangoja maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, tukaishusha mkondo uliposimama. Dakika 20, kitu nje!

Kuchomeka kihisi kipya mahali pake ndiko kulikoleta kiburi. Mdomo wa plagi ulikuwa na mchanga, ikabidi tuupulizie maji kwanza. Umeme tulizima kabla ya kuchomeka, japo plagi yenyewe ni ya kuungwa majini. Pini zikikutana na umeme umo, zinaweza kuungua. Bosi bado anataka mzamiaji badala ya roboti. Haya.