Vitini vya kemia ogania vyenye majibu ya makosa: tunalipa fedha ili watoto wapotoshwe

Ndugu wanajukwaa, hasa walimu wa kemia na wazazi wenye watoto wa Kidato cha Tano na cha Sita, naomba mnisome hadi mwisho.

Mdogo wangu anasoma mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), Kidato cha Sita. Likizo iliyopita alirudi nyumbani na kitini cha maswali ya kemia ogania (kemia ya kampaundi za kaboni) kinachouzwa kwenye kituo cha tuisheni anachohudhuria, na jalada lake linaahidi maswali ya mimenyuko, usanisi na miundo ya molekuli "yaliyotatuliwa kikamilifu". Fedha ya kitini na ya tuisheni nilitoa mimi. Kwa kuwa nilisoma kemia chuo kikuu, nilikaa naye jioni tatu mfululizo tukifanya maswali pamoja, yeye akitatua kwanza bila kutazama majibu, kisha tukilinganisha. Jioni ya kwanza haijaisha nilikuwa nimeshakasirika, kwa sababu mara kadhaa mtoto alipata jibu sahihi, akatazama kitini, akalifuta na kuandika la makosa.

Nianze na swali lililoniumiza zaidi. Linataka mwanafunzi atengeneze asidi ya 3-nitrobenzoiki kutoka kwenye toluini (pete ya benzini yenye kundi la methili). Kitini kinaanza kwa kuweka kundi la nitro kwa kutumia asidi nitriki na asidi salfuriki kali, kisha kinaoksidisha kundi la methili kwa permanganeti ya potasiamu, na mwisho kinaandika jina la asidi ya 3-nitrobenzoiki kana kwamba nitro imejipeleka yenyewe mahali ilipotakiwa. Kundi la methili huelekeza kundi jipya kwenye nafasi ya 2 na ya 4 za pete, tukihesabu kuanzia kaboni yenye methili, kwa hiyo njia hiyo inampa mwanafunzi asidi ya 4-nitrobenzoiki pamoja na ile ya 2, wala si ya 3. Ilipaswa kuoksidisha kwanza, ili methili igeuke kundi la kaboksili, ambalo huelekeza kwenye nafasi ya 3, ndipo nitro iwekwe. Vitendanishi ni vilevile, hatua ni zilezile mbili, na tofauti yote iko kwenye ipi itangulie. Swali hili lilitungwa mahsusi kupima jambo hilo moja, na jambo hilo moja ndilo ambalo kitini kimelikosea.

Swali jingine linachukua benzini (ile ya maabara yenye pete ya kaboni sita, si mafuta ya gari) na kuikutanisha na 1-kloropropani mbele ya kichocheo cha alumini kloridi. Jibu la kitini ni propilibenzini. Mmenyuko wa Friedel-Crafts wa aina hii, yaani wa kuunganisha mnyororo wa kaboni kwenye pete ya benzini, hupitia hali ambayo kaboni ya mwisho ya mnyororo inabeba chaji chanya, na hali hiyo ya daraja la kwanza haitulii. Hidrojeni huhama kutoka kaboni ya jirani pamoja na elektroni zake, chaji inahamia katikati ya mnyororo, na zao kubwa linakuwa isopropilibenzini. Anayetaka mnyororo ulionyooka hutumia propanoili kloridi kwanza, kisha huondoa oksijeni ya ketoni inayopatikana kwa zinki iliyochanganywa na zebaki pamoja na asidi hidrokloriki kali. Mdogo wangu aliniuliza kwa nini mwalimu hakuwaeleza hivyo, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kwenye miundo, kosa limefichwa na hesabu iliyotimia. Swali linaomba isoma zote za kimuundo za C4H10O, yaani kampaundi zenye fomula hiyo moja lakini atomu zimeunganishwa tofauti. Zipo 7: alkoholi 4 na etha 3. Kitini nacho kimeorodhesha 7, na mwanafunzi anayehesabu tu ataridhika, lakini ndani ya hizo 7 kuna "butan-3-oli", ambayo ni butan-2-oli iliyohesabiwa kuanzia upande usiofaa, na 2-methoksipropani haimo kabisa. Kampaundi moja imepewa majina mawili, nyingine imesahauliwa.

Lipo pia swali la propini (propene) kuongezwa asidi ya hidrojeni kloridi penye peroksaidi, na kitini kinatoa 1-kloropropani. Kharasch na Mayo walichapisha kazi yao kuhusu athari ya peroksaidi, ambayo hugeuza upande ambao halojeni inaungana, mwaka 1933, na athari hiyo ni ya hidrojeni bromidi, haifanyi kazi kwa kloridi wala kwa iodidi. Hapo kanuni ya Markovnikov (hidrojeni huenda kwenye kaboni yenye hidrojeni nyingi zaidi) inabaki palepale na zao ni 2-kloropropani.

Sijagusa masharti ya mimenyuko, ambayo kitini hakiyaandiki karibu kurasa zote. Ethanoli na asidi salfuriki kali kwenye nyuzi 170 hutoa ethini (ethene), na kwenye nyuzi 140, ethanoli ikiwa imezidi, hutoa ethoksiethani. Kitini kinachora mshale, kinaandika H2SO4 juu yake na kuendelea. Chumvi ya diazoni, itokanayo na anilini, inatengenezwa bila neno lolote kuhusu nyuzi 0 hadi 5, ilhali joto likizidi hapo chumvi hiyo huvunjika na kumwachia mwanafunzi fenoli.

Nilimpigia simu mwalimu mwenye kitini, kwa heshima, nikamsomea swali la toluini. Alinijibu, "Dada yangu, hayo mambo ya chuo waachie wa chuo, sisi tunawafundisha watoto kupita mtihani." Mwalimu huyo amekosea mara mbili. Athari za makundi kwenye pete ya benzini zinafundishwa hukohuko Kidato cha Tano na cha Sita, na msahihishaji wa mtihani hawezi kumpa maksi mwanafunzi aliyepata asidi ya 4 alipoombwa ya 3. Nilipomwomba achapishe karatasi moja ya masahihisho awagawie walionunua, alikata simu.

Naelewa kwamba mwalimu anaweza kukosea anapoandaa maswali mengi usiku kucha. Ninachokikataa ni kukataa kusahihisha, na kuuza majibu yasiyo na sababu hata moja, kwa sababu mtoto anayeoneshwa mshale na zao tu hana namna ya kugundua kwamba ameongopewa. Angeandikiwa sentensi moja chini ya kila hatua, kwamba elektroni zimetoka wapi na zimekwenda wapi, kosa la toluini angeliona mwenyewe.

Ninadai mambo mawili kwa mwenye kitini, ambaye najua anapita humu: masahihisho yatolewe bure kwa kila aliyenunua kabla ya mitihani, na anayetaka kurudisha kitini arudishiwe fedha yake. Masahihisho ya maswali 14 nimeshayaandika, kila hatua na sababu yake, na nipo tayari kumpa ayatumie bila kunitaja.

Kwa wanafunzi mnaosoma hapa: fungueni ukurasa wa isoma za C4H10O. Mkikuta butan-3-oli, kitini chenu ni hicho, niandikieni chini ya uzi huu niwawekee kurasa zote.