Mji wangu wa kubuni umekufa, naomba ushauri namna ya kuufufua

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya kufikirika kuhusu Ung'azi, mji wa kisiwani unaolindwa na jini wa bahari. Kustawi kwake hakukunisumbua: nimeazima kwa Kilwa Kisiwani, dhahabu ya Sofala (bandari ya kale kwenye pwani ya Msumbiji ya leo) ikipita mikononi mwa masultani, msikiti wa matumbawe, na lile jumba la Husuni Kubwa. Anguko nalo limekaa vizuri, maana Wareno walivyoivamia Kilwa mwaka 1505 ni sura nzima, sikutoka hata jasho.

Nimekwama kwenye kufufuka. Kilwa ilipoinuka tena karne ya 18, iliinuka kwa pembe za ndovu na, kibaya zaidi, biashara ya watumwa; Wafaransa walinunua watu pale kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Sasa Ung'azi nao usimame kwa dhambi kama hiyo, jini akasirike? Au wavuvi waliobaki kwenye magofu waujenge upya kidogokidogo? Mke wangu anataka hii ya pili. Mimi naiona tamu mno, msomaji hataamini. Waandishi wenzangu, nyie mngefanyaje?