Eti kuna dawa inafanya saratani iwake thieta??

binti_bombo
Jamani naomba kuuliza. Shangazi yangu alitolewa uvimbe wa titi, tukarudi naye Bombo vizuri, tukangoja majibu ya maabara wiki tatu, halafu tunaitwa tunaambiwa kwenye ukingo wa ile nyama waliyokata kuna chembe za saratani kwa hiyo arudi akatwe tena. Alikaa tu kwenye mkeka akaniuliza "sasa ile ya kwanza walikata nini?" nikakosa jibu. Juzi nasoma eti Wajapani wana dawa wanapulizia nyama, saratani inawaka kijani. Ni kweli ama ndo stori za wasapu?

maabara_mbarara
Kweli kabisa dada. Ilitoka 2011, prof Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Kobayashi wa Marekani. Siri yake ni enzaimu. Chembe za saratani nyingi zimejaza enzaimu inaitwa GGT kwenye utando wa nje kuliko chembe za kawaida, sasa ile rangi wameifunga na kipande cha glutameti (aina ya asidi amino) na ikiwa imefungwa haiwaki hata uimulike vipi, GGT ndo mkasi, ikikata tu rangi inafunguka inajaa ndani ya chembe, unamulika bluu inarudisha kijani. Kwa panya dakika moja tu ishaonekana!

Ila kwa kesi ya shangazi angalia dawa nyingine inaitwa Lumisight, Marekani waliiruhusu 2024. Hiyo haipuliziwi, inapitia mshipa masaa 2 hadi 6 kabla, mkasi wake ni enzaimu nyingine, kathepsini. Daktari akishatoa uvimbe anaingiza kamera kwenye lile shimo lenyewe, panapowaka anaongeza kukata hapo hapo, mgonjwa bado kalala.

mzee_wa_arua
Polepole vijana. Katika utafiti wa hiyo Lumisight wagonjwa walikuwa 357, waliokutwa na saratani iliyobaki wakatolewa kwa msaada wa ile kamera ni 27. Si kidogo kama wewe ndo mmoja wao, lakini si muujiza. Na dawa yenyewe ina onyo kali la aleji, mtu anaweza kuishiwa pumzi papo hapo. Hata ile ya kijani, uvimbe ambao si saratani nao wakati mwingine unawaka. Darubini ya maabara iko palepale. Na mtu asije akawauzia poda eti unajimulika na simu nyumbani, mwanga huo haupenyi nyama kwenda mbali, lazima pawe pameshafunguliwa.

binti_bombo
Asante mzee, asante ndugu wa Mbarara. Nimemwambia shangazi uvimbe waliutoa kweli, ila jicho haliwezi kuona chembe zilizobaki pembeni. Kanyamaza weee, halafu akasema haya, Jumatano wakate kwa upana basi.