SR400 inamwaga oili kwenye boksi la hewa, kiki imekuwa nzito, fundi anataka kuchonga bloku

MtuWaKirumba
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi.

Pikipiki ni Yamaha SR400 ya 2005, ya kabureta, mtumba wa Japani. Ilikaa miezi minne bila kuwashwa, kwenye kibanda hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na maji ya ziwa. Kabla ya kuiwasha nilipima oili, kijiti kikatoka kikavu kabisa. Nikaongeza lita moja ya 20W-50.

Ikawaka baada ya kiki nyingi. Moshi mwingi mweupe unaoelekea bluu. Haikufika dakika tatu, oili ikaanza kudondoka chini ya boksi la chujio la hewa, ikamisi na kuzima. Tangu hapo kiki ni nzito na haiwaki. Plagi nimeitoa: nyeusi, imelowa, inang'aa.

Fundi kasema ringi za pistoni zimekwisha, anataka kushusha injini na kuchonga bloku (kupanua silinda). Mwingine anasema ni chumvi ya ziwa imekula ndani. Nianzie wapi?

Spana17
Mkuu, mwambie fundi aweke nyundo chini. Ringi haziishi kwa kupaki.

SR ina oili ndani ya fremu. Lile bomba nene la fremu linalopita mbele ya injini na chini ya tangi ndilo tangi la oili, ndiyo maana mfuniko wenye kijiti uko juu kule karibu na shingo ya usukani na si kwenye injini kama Boxer. Pampu ina kazi mbili: inavuta oili kutoka kwenye fremu kulisha injini, kisha inaikusanya chini ya krankshafti na kuirudisha kwenye fremu.

Pikipiki ikikaa muda mrefu, oili ya kwenye fremu inapenya taratibu kwenye uwazi mdogo wa pampu, inashukia ndani ya injini. Kijiti kinatoka kikavu lakini oili yote bado unayo, imehama chumba tu. Wewe ukaongeza lita moja juu yake. Ulipowasha, pampu ikarudisha ile ya chini, fremu ikajaa kupita kiasi, ziada ikatafuta njia kwenye mpira wa kupumulia, na mpira huo unaishia kwenye boksi la hewa. Hapo chujio limelowa, injini inavuta oili badala ya hewa, plagi imekufa. Ilipozima, oili ikashuka tena chini, na kiki ni nzito kwa sababu krankshafti inapiga mbizi kwenye oili.

Chumvi ya ziwa hakuna. Victoria ni maji baridi, chumvi iache Dar. Unyevu wa ufukweni ni kweli upo, lakini huo unashambulia soketi za waya na tangi la mafuta, si ringi.

Mwaga yote, upime umemwaga kiasi gani, kisha ulete namba hapa.

SangaraMweupe
Mimi naona ni kabureta. Mwanza tuko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, pikipiki imesetiwa kwa Japani. Inakula mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi. Badilisha jeti (kitundu cha kupitisha mafuta) uweke ndogo zaidi, utashukuru.

Spana17
@SangaraMweupe hoja yako ina ukweli ila haiko kwenye ugonjwa huu. Kwa mwinuko wetu shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko ufukweni Dar. Kabureta ya SR ya miaka hiyo ni ya vakyumu, slaidi inapanda kwa mvuto wa injini yenyewe, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inajirekebisha. Utakachoona ni ulaji wa mafuta kuzidi kidogo, si pikipiki kuzima.

Na tazama dalili zake. Mafuta yakizidi, plagi inakuwa nyeusi *kavu*, masizi yanafutika kwa kidole kama ya kibatari, na moshi ni mweusi. Yeye ana plagi iliyolowa inayong'aa, moshi wa bluu. Hiyo ni oili. Jeti asiiguse.

MtuWaKirumba
Nimemwaga. Chini ya injini zimetoka lita 2.6, kwenye fremu robo lita. Jumla 2.85.

Spana17
Basi kesi imekwisha. Ukimwaga SR bila kugusa filta, inatakiwa irudishiwe lita 2.0. Ukibadilisha na filta, 2.1. Ile 2.4 unayoiona kwenye vitabu ni ya injini iliyofunguliwa ikakauka kabisa, na wengi ndipo wanapojaza kupita kiasi. Wewe ulikuwa na 2.0, ukaongeza 1.0, na hiyo 0.15 iliyopungua iko kwenye boksi la hewa na sakafuni kwako.

Sasa fuata hivi, kwa mpangilio huu:

1. Acha bolti zote mbili za kumwagia wazi, ya chini ya injini na ya chini ya bomba la mbele la fremu. Plagi ikiwa nje na swichi imezimwa, piga kiki polepole mara kumi ili ya mwisho itoke. Zifunge bolti kwa washa mpya (zile pete bapa za chini ya bolti). Kule chini ni aluminiamu, kaza kwa mkono wenye adabu. Usiongeze bomba kwenye spana.

2. Badilisha filta ya oili, iko nyuma ya kifuniko kidogo upande wa kulia. Oringi zake ziwe mpya, na uangalie zimekaa sawa kabla ya kufunga. Oringi ikibanwa vibaya, shinikizo linapotea na kule juu kwenye kemishafti ndiko kunakoungua kwanza.

3. Boksi la hewa lifungue, futa oili yote. Chujio likiwa la karatasi halioshwi, nunua jingine. Likiwa la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa, halafu maji ya sabuni, likaushe kivulini, lidondoshee oili kidogo na ulikamue. Petroli usitumie, inakula gundi ya sponji. Mpira wa kupumulia nao uchomoe, umwage kilichomo.

4. Plagi ni NGK BPR6ES. Usihangaike kuagiza Dar, hiyo hiyo inakaa kwenye jenereta na pampu za maji za Honda GX, kwa hiyo nenda duka la jenereta. Uwazi 0.7 hadi 0.8 mm, pima kwa fila geji (vibamba vya kupimia uwazi).

5. Oili: 20W-50 kwa joto letu ni sawa, mradi chupa iwe imeandikwa JASO MA, daraja la oili ya pikipiki. Klachi ya SR inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Ukiweka ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, klachi itateleza ukianza kupanda mlima Bugando. Nunua chupa mbili za lita moja, umimine zote kwenye fremu. Ya tatu utaipima mililita 100 tu, kwa sababu ya filta.

6. Kabla ya kutembea, hakikisha oili inafika juu. Kwenye kifuniko cha filta kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Ilegeze kidogo, washa, iache sailensi (izunguke bila resi). Ndani ya dakika moja oili ichuruzike pale. Isipotokea, zima hapo hapo. Pampu imeshika hewa. Ikitokea, funga skrubu. Resi usipige mpaka hapo.

MamaGia
Naongeza la kiki, maana naona "baada ya kiki nyingi" na hapo ndipo watu wanapovunja vifundo vya miguu. SR haina stata na haiwashwi kwa hasira kama bodaboda.

Swichi iwe imewashwa, choki juu kama injini ni ya baridi, na mkono wa mafuta *usiguse*. Sukuma kiki taratibu mpaka igome. Hapo bana ule mkono mdogo wa kuachia kompresheni upande wa kushoto, endelea kusukuma kidogo kidogo huku unatazama kidirisha cha kioo upande wa kulia wa silinda hedi. Alama ya rangi ya fedha ikitokea kidirishani, pistoni imepita tu kilele. Achia mkono, rudisha kiki juu kabisa, kisha ishushe mpaka chini kwa uzito wa mwili, mguu usiishie njiani. Ukiruka hatua ya kidirisha na pistoni ikawa bado haijapita kilele, kiki inarudi na goti lako.

Baada ya kujaribu mara nyingi imelewa mafuta: zima swichi, choki chini, fungua mkono wa mafuta wote, bana kompresheni, piga kiki saba au nane kutoa mafuta, ndipo uanze upya.

Na kwa kuwa imekaa miezi minne, mwaga na mafuta ya kwenye bakuli la kabureta. Yapokee kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, uiache itulie. Maji yanakaa chini, utaona mstari. Ukiuona, tangi lote limwagwe, si bakuli tu. Tangi linalokaa nusu kwenye unyevu wa ziwani linatoa jasho ndani usiku na kuanza kutu kutokea juu, mahali usipopaona.

SangaraMweupe
Nimeelewa la plagi kavu na plagi mbichi, asante @Spana17. Swali dogo: sasa oili inapimwa lini kama ikikaa inahama?

Spana17
Ikiwa ya moto tu. Washa, izunguke dakika kumi hivi mpaka fremu yenyewe iwe ya moto ukiigusa pale mbele (guso la haraka, linaunguza). Zima, isimamishe wima mahali tambarare, si kwenye stendi ya pembeni. Subiri dakika mbili tatu. Toa kijiti, kifute, kirudishe *bila kukikaza*, kitoe usome. Kati ya alama mbili inatosha, na afadhali iwe katikati kuliko juu kabisa.

Kijiti kikiwa kikavu asubuhi baada ya kupaki muda mrefu, usimimine hata tone. Washa, izunguke dakika moja sailensi, zima, kipime tena. Utaona imerudi.

MtuWaKirumba
Nimefanya yote. Oili ilichuruzika kwenye skrubu ndani ya nusu dakika. Imewaka kiki ya tatu kwa njia ya kidirisha. Moshi wa bluu ulikuwepo karibu dakika tano, sasa haupo. Boksi la hewa kavu. Kitu kimoja tu: ikishapata moto nikizima, kuwasha tena ni shida, mpaka ipoe.

MamaGia
Moshi wa dakika tano ni oili iliyobaki kwenye bomba la ekzosi, usihofu. Shida ya kuwaka ikiwa moto, kwanza hakikisha huweki choki. Kama huweki, pima tapeti (nafasi ya vali), injini ikiwa imepoa usiku mzima: vali ya kuingiza 0.10 mm, ya kutolea 0.15. Nadhani utakuta ya kutolea imebana. Vali ikipata moto inarefuka, ikikosa nafasi haifungi sawasawa, kompresheni inavuja. Ni skrubu na nati, saa moja inatosha, na huhitaji kuchonga bloku.