Mjadala: Redio ya umma Afrika Kusini iendelee kutangaza kwa Kiafrikaans?

Sikio la Kusini (mleta mada): Wakuu, naipongeza RSG, yaani Radio Sonder Grense, "Redio Bila Mipaka", ya shirika la umma SABC. Idhaa ya Kiafrikaans ilianza 1937, leo iko 100 hadi 104 FM. Redio ngapi bado zinatengeneza tamthilia, mtu akatambua kwa sauti ya viatu tu nani kaingia chumbani? Ila wapo wanaosema fedha ya umma isiiguse lugha hiyo. Mnasemaje?

Kwa Mtoro: Tamthilia sawa, ila tusipake sukari. Amri ya 1974 ya serikali ya ubaguzi wa rangi ilitaka hisabati na maarifa ya jamii vifundishwe kwa Kiafrikaans. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto wakaandamana, polisi wakawapiga risasi. Mwenye kumbukumbu hiyo utamwambiaje alipie leseni ya televisheni inayoichangia SABC?

Binti Ajami: Leseni haiendi kwa Kiafrikaans peke yake, mkuu. SABC ina Ukhozi FM ya Kizulu, Umhlobo Wenene ya Kixhosa, hata X-K FM ya Platfontein, karibu na Kimberley, kwa lugha za !Xun na Khwe. Na ukiifunga RSG unamfungia nani? Sensa ya 2011 ilionyesha kwamba wengi wanaozungumza Kiafrikaans nyumbani si wazungu. Waislamu wa Cape walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi zetu. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi kilichapwa hivyo 1877. Nongwa yangu ni nyingine: Kaaps, lahaja ya Kiafrikaans ya Cape Flats, vitongoji vya Cape Town, ipewe hata taarifa ya habari, isibaki ya vichekesho.

Fundi Mawimbi: Mnabishania lugha, na kuna watu hawaipati RSG kabisa. FM haipendi mlima; mlima ukikaa kati yako na mnara, imekatika. Na minara jirani ikitumia masafa yaleyale inavurugana, ndiyo maana stesheni moja imetandazwa toka 100 mpaka 104. Ukitoka Cape Town kwenda Johannesburg, washa AF (kitufe cha masafa mbadala) kwenye redio ya gari ihamie yenyewe mnara wenye nguvu, la sivyo utakuwa unatafuta stesheni njia nzima. Nyumbani bondeni, tumia waya wa sentimita 73 kama antena, yaani robo ya urefu wa wimbi la 102 FM (300 gawa kwa 102 ni mita za wimbi zima, kisha gawa kwa 4). Ujaribu wima, kisha ulalo, uache pale mkwaruzo unapopungua. Zamani watu wa jimbo la Northern Cape waliipata kwa mawimbi mafupi kutoka mitambo ya Meyerton, kusini mwa Johannesburg. Mitambo ile imezimwa. Njia nyingine ni intaneti. Ukisikiliza mtandaoni kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni karibu MB 29 kwa saa. Saa 4 kila siku, GB 3 na ushee kwa mwezi. Mchunga kondoo wa Karoo, nyika kame ya huko, anunue bando hilo?

Kwa Mtoro: Hapo kwenye bando nimekuelewa, fundi. Ila minara ikiongezwa, X-K FM itangulie.