Bosi anataka stetasi yangu ya WhatsApp iwe bango la kampuni. Naweza kukataa?

Mhasibu wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limenikaa rohoni na pale kazini hakuna wa kumwambia.

Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni inayouza vigae, masinki na vifaa vya bafuni. Ofisi ipo Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yangu naipenda. PAYE (kodi ya mishahara) kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20, kulinganisha risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) na vitabu mpaka shilingi ya mwisho ikae mahali pake, hayo yote nayafanya kwa moyo. Kinachonishinda kilianza pale mkurugenzi alipoamua kwamba kila mfanyakazi ni balozi wa kampuni mtandaoni.

Kila asubuhi mtu wa masoko anatupia bango kwenye grupu la ofisi. Wote tunatakiwa tuliweke stetasi, kwenye namba zetu binafsi na kwa bando letu. Saa tatu usiku anarudi tena grupuni: "Nani bado? Naomba skrinishoti." Na skrinishoti yenyewe lazima ionyeshe ni watu wangapi wametazama. Jumatatu orodha inabandikwa ukutani karibu na mashine ya alama za vidole: majina yetu, idadi ya waliotazama, na walio chini wamepigiwa mstari mwekundu. Mlinzi wetu, mzee wa watu mwenye simu ya batani, naye jina lake limo. Mbele yake kuna sifuri, na kila anayeingia anaiona.

Shangazi yangu alifariki Korogwe. Usiku ule niliweka picha yake stetasi kuwajulisha ndugu na marafiki. Asubuhi nikiwa kwenye basi, mtu wa masoko ananipigia: bango halionekani, na hii ni wiki ya ofa. Pole hakunipa. Bango likaingia. Basi kila ndugu aliyefungua stetasi yangu siku ile alikutana na picha ya marehemu, kisha sinki jeupe na maandishi mekundu, PUNGUZO KABAMBE. Shangazi mwingine alinifuata tukiwa tunachambua mchele wa msibani, akaniuliza kama sasa nafanyia biashara mpaka kifo cha dada yao.

Halafu kuna suala la mastaa. Kampuni imemchukua staa mmoja wa Bongo Movie kuwa balozi. Simtaji, hana kosa. Siku ya kumtambulisha alikuja na msafara, sisi tukasimamishwa juani kwenye fulana za kampuni tupige makofi na kucheza mbele ya kamera. Ilikuwa tarehe 19, ritani ipo mezani. Nilirudi kwenye kompyuta saa kumi na moja jioni, nikatoka usiku. Ovataimu ya siku hiyo haijalipwa hadi leo. Vocha ya malipo ya staa niliiandaa mimi mwenyewe, kwa hiyo najua kabisa kwamba hela zipo.

Msinielewe vibaya, wasanii siwachukii. Kanumba, yule mwigizaji wa Bongo Movie, alipofariki Aprili 2012 nilikuwa sekondari, na bweni zima tulilia. Leaders Club, alikoagwa, ilifurika watu, na hakuna aliyeambiwa alete skrinishoti. Tulimpenda kwa kazi yake. Siku hizi pale ofisini mtu anapimwa kwa wafuasi. Dada wa mapokezi aliyeajiriwa karibuni ametuambia mwenyewe kwamba kwenye usaili aliulizwa ana wafuasi wangapi Instagram kabla hajaulizwa amesomea nini. Na ukilalamika, bosi ana jibu lake: "Mbona Diamond anaposti kila siku?" Diamond anatangaza biashara yake, Wasafi ni yake. Vigae si vyangu.

Naombeni msaada. Naweza kukataa nisifukuzwe? Sheria inasemaje?

Utumishi Mstaafu

Pole sana kwa msiba, binti yangu. Nimekaa kwenye ofisi za utumishi miaka mingi, nitakujibu kwa ninayoyajua.

Kwanza muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni ovataimu, na ovataimu ni ya makubaliano, si ya amri. Isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Bosi akikudai kazi saa tatu usiku, hata kama ni kazi ya kushika simu tu, hoja ya kwamba huo ni muda wa kazi ipo. Kuna tahadhari moja: vifungu hivyo vya saa havimhusu anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe ni mhasibu msaidizi, sidhani kama umo.

Pili kufukuzwa. Je, umepitisha miezi 6 kazini? Kama ndiyo, mwajiri anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. "Hakuposti stetasi" ni sababu dhaifu kuitetea mbele ya msuluhishi, hasa kama mkataba wako na maelezo ya kazi yako hayataji matangazo popote. Hivyo vitoe kabatini uvisome leo. Mara nyingi mtu anagombana na bosi hata mkataba wake haujui.

Yakifika pabaya, ni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayopokea migogoro ya kazi. Kwa kuachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa madai mengine, kama hiyo ovataimu, ni siku 60. Watu wengi wamepoteza haki zao kwa kusubiri bosi atulie.

Lakini usianze na CMA. Anza na barua.

Kijana wa Masoko TZ

Dada, mimi ndiye yule anayetupia mabango kwenye grupu, ila si ofisini kwenu. Naomba niseme na upande wetu.

Biashara za Kariakoo zinaishi kwa stetasi. Mteja anamwamini mtu anayemjua kuliko bango la barabarani, na kumlipa staa kwa posti moja kunaweza kumaliza bajeti yangu ya mwezi. Ndiyo maana wakurugenzi wanawageukia wafanyakazi. Presha ninayopewa mimi ndiyo ninayoishusha kwenu.

Ila hiyo ya kukupigia simu ukiwa safarini kwenda kuzika, hapana. Na orodha ya ukutani ni udhalilishaji, hasa kwa huyo mzee. Tena haina faida. Wanaotazama stetasi ya mhasibu ni shangazi zake, watu aliosoma nao na fundi cherehani wake. Wakiona vigae kila siku wanamnyamazisha. Pale kwetu nilipeleka hoja hiyo kwa bosi, na ndiyo iliyomgusa, kuliko hoja ya haki. Tukafungua WhatsApp Business kwenye namba ya kampuni, tukaweka katalogi yenye bei, na chaneli ya kutangazia ofa. Mfanyakazi akitaka kusambaza, tunamshukuru. Akileta mteja akanunua, anapata kamisheni. Wale waliokuwa wanaposti kwa kinyongo wameacha, na wanaoposti sasa wanaleta watu kweli.

Ukiandika barua, weka na pendekezo la namna hiyo. Bosi akipewa malalamiko matupu anajihami.

Mwana wa Kisauni

Shikamoni wakubwa. Niko Mombasa, lakini jambo hili twalijua vizuri.

Huku kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inang'ata. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja nayo ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tangu hapo waajiri wengi wameanza kuuliza kabla ya kupiga picha.

Dada yangu, wewe umezungumzia stetasi, lakini mimi nimeshtushwa zaidi na ile video ya kucheza juani. Uso wako umetumika kuuza masinki. Kuna karatasi yoyote uliyotia sahihi kukubali?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Naunga mkono hoja ya Mwana wa Kisauni. Mimi ni muuguzi kwenye hospitali binafsi, mkoa sitautaja. Tuliambiwa tucheze TikTok na sare "ili hospitali ionekane changamfu". Video ikapandishwa. Nyuma yetu, kwenye benchi, anaonekana mama aliyekuwa anasubiri majibu ya vipimo, ameshika tama. Mtoto wake alikuja siku iliyofuata anatetemeka kwa hasira, na ana haki yote. Tangu siku hiyo mimi nimekataa. Nilimwambia matroni kwamba sare hii nilivaa kwa kiapo. Hakunifanya chochote. Aliondoa ile video na sijaitwa tena.

Kuhusu mastaa nisingependa kuwalaumu sana. Wanaolipwa wanafanya kazi yao. Anayenikera ni mwajiri anayetaka sote tuwe mastaa bila malipo.

Mhasibu wa Kimara

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Shikamoo mzee Utumishi Mstaafu. Miezi 6 nimeshaivuka zamani. Mkataba nimeutoa. Umeandika: kutunza vitabu, kuandaa ritani, malipo ya wazabuni, "na kazi nyingine atakazopangiwa na mwajiri". Naona hapo ndipo watakaponibana.

Mwana wa Kisauni, hakuna karatasi tuliyotia sahihi. Tuliitwa tu chini, tukapewa fulana. Je, na huku Tanzania sheria ya namna hiyo ipo?

Kijana wa Masoko, nashukuru kwa ukweli wako. Hilo la kamisheni nitaliandika. Lakini naomba unielewe: hata wangenilipa, kuna siku stetasi yangu ni ya msiba, na kuna siku ni ya mtoto wangu kumaliza chekechea. Sitaki mtu wa ofisini aniamulie siku hizo.

Utumishi Mstaafu

Marahaba. Sheria ipo. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Picha inayokutambulisha ni taarifa binafsi, na ridhaa ni jambo la msingi humo. Tume inapokea malalamiko. Video ile una hoja nayo.

Hiyo "kazi nyingine" isikutishe. Inasomwa pamoja na kazi uliyoajiriwa kuifanya. Kumwambia mhasibu akasaidie kuhesabu mali ghalani kunaingia humo bila taabu. Simu yake, bando lake, na orodha ya ndugu na rafiki zake ni mali yake. Na kama kuna aliyekatwa mshahara kwa kutoposti, aniambie, maana makato yana masharti yake kisheria na makubaliano ya maandishi ni mojawapo.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Usimtaje staa, usitaje mshahara wa mtu. Taja tarehe ya ovataimu na saa ulizofanya. Omba mambo matatu: kuposti kuwe hiari, orodha itoke ukutani, ovataimu ilipwe. Pendekezo la Kijana wa Masoko liweke mwisho.

Mhasibu wa Kimara

Nimeelewa mzee wangu. Dada wa mapokezi na jamaa wawili wa ghalani wamesema watatia sahihi pamoja nami. Na mlinzi pia, nimempigia sasa hivi. Barua niielekeze kwa mkurugenzi au kwa mkuu wa masoko?

Utumishi Mstaafu

Kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa idara yako. Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo. Na huyo mzee asitie sahihi kabla hajasomewa barua yote.